Kujifunza kubuni tovuti peke yako: kivinjari ni mwalimu asiyekemea

Wanaosema mtu anaweza kujifunza kubuni tovuti nyumbani, bila darasa, wana hoja nzito. Ukishakuwa na kompyuta na intaneti, vilivyobaki ni vya bure. Hata Notepad inatosha: andika mistari ya HTML (lugha inayopanga yaliyomo kwenye ukurasa), hifadhi faili kwa jina la index.html, libofye mara mbili, ukurasa huo hapo. Ukitaka maelezo ya amri yoyote ya HTML au ya CSS (lugha ya rangi, vipimo na mpangilio), yako MDN, tovuti ya bure ya marejeo. Fani zinazomjibu mwanafunzi upesi hivyo ni chache.

Wanaowapinga hawakatai hayo. Wanachosema ni kwamba kivinjari (programu ya kufungulia tovuti, kama Chrome) kinajibu, ila hakisahihishi. Kimeundwa kisamehe: ukisahau kufunga tagi (alama ya HTML kama <b>, inayofungwa kwa </b>), kitakisia ulichokusudia na kuonyesha ukurasa kana kwamba hakuna kilichoharibika. Kwenye CSS, ukikosea herufi moja tu ya jina la sifa, mstari mzima unarukwa kimyakimya.

Mfano unaowasumbua karibu wote ni wa upana. Unaandika width: 300px, unaongeza padding: 20px (nafasi ya ndani) na border: 1px solid (mstari wa pembeni), sanduku linatokea na pikseli 342. Wengi hapa huanza kubahatisha: 290, 270, 258, mpaka likae. Hesabu yenyewe ni nyepesi: 300, ongeza 20 kila upande, kisha 1 kila upande. Anayeijua huandika box-sizing: border-box na 300 inabaki 300. Ubaya wa kubahatisha ni kwamba mwishowe kunafanikiwa, na mwanafunzi anaondoka na namba badala ya kanuni. Akibadilisha padding wiki ijayo, anaanza upya.

Hata hivyo, kwa upande wa kodi, yaani maandishi ya programu, naona wapinzani wanazidisha. Bonyeza F12 kwenye kivinjari cha kompyuta kama Chrome, zana za ukaguzi zikifunguka chagua sehemu ya ukurasa, na mstari wa CSS uliokosewa utauona umekatwa kwa mstari. Kikaguzi cha bure cha W3C, shirika la viwango vya wavuti, kitakutajia tagi isiyofungwa na namba ya mstari wake. Mkemeaji yupo, basi, ila lazima umwite.

Yapo makosa ambayo hata huko hayajitokezi mapema, na mengi husubiri siku ya kupandisha kazi mtandaoni. Picha iliyohifadhiwa kama Picha.JPG na kuitwa picha.jpg kwenye kodi huonekana vizuri kwenye Windows, halafu inapotea kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti mtandaoni) ya Linux, inayotofautisha herufi kubwa na ndogo. Ukiacha tagi ya meta viewport, inayoiambia simu itumie upana wake yenyewe, simu nyingi huuchora ukurasa kwa upana wa pikseli 980 hivi, kisha huubana hadi maandishi yawe madogo kama sisimizi. Kwenye kompyuta hutaona dosari yoyote, kwa hiyo fungua ukurasa kwenye simu tangu siku ya kwanza.

Mafunzo ya video yana mtego wake: kunakili huku unatazama kunafanana sana na kuelewa. Funga video, fungua faili tupu, ujenge ukurasa uleule. Utakapokwama, hapo ndipo pa kurudia.

Penye ubunifu wenyewe, wapinzani wamenishinda. Kijivu hafifu juu ya nyeupe kinapimika. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti itumike na watu wote, unataka uwiano wa mng'ao kati ya herufi na rangi ya nyuma yake wa angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Lakini jicho linatua wapi kwanza? Hakuna programu itakayokuambia, na wewe uliyeujenga ukurasa unaujua mno kuweza kuuona. Kumwuliza ndugu kama unapendeza ni kazi bure, atasema unapendeza. Mpe simu, mwambie atafute namba ya mawasiliano, unyamaze, utazame kidole chake. Kikipita juu ya kitufe mara mbili bila kukigusa, kitufe hicho hakifanani na kitufe.