Ile video ya saluni: upande wangu huu hapa

Kabla hamjaendelea kuirusha ile video ya Chogo kwenye magrupu, naomba na mimi nisikilizwe. Kwanza, sikulia. Machozi yale ni spiriti, Masta alishanipaka upande mmoja na ikaingia jichoni. Pili, yule mama kwenye simu si "mchumba wake wa kizungu" kama Chogo alivyoandika. Ni wakala wa vitabu wa London, na nimemtafuta kwa bidii ambayo mchumba hajawahi kuipata kwangu.

Habari ya riwaya mnaijua, nimewachosha nayo. Nimeiandika kwa Kiingereza (tulieni, mlishanisema vya kutosha), na wachapishaji wengi wakubwa wa kule hawapokei mswada kutoka kwa mtu aliyejitokea tu. Lazima upelekwe na wakala. Basi usiku unakesha unachimba: nani anapenda hadithi za familia, nani anapokea kazi kwa sasa, nani amefunga. Huyu anataka sura tatu za kwanza, yule maneno elfu kumi, mwingine kurasa hamsini. Juu ya hapo barua ya ukurasa mmoja, na muhtasari unaotoboa siri zote mpaka nani anakufa na nani anabaki na nyumba. Unatuma, unangoja. Wengine wameandika wazi kabisa: wiki 12 zikipita kimya, ujue ni hapana. Nimekula hapana za kimya mpaka nikazizoea. Na mjomba wangu, tangu Gurnah achukue Nobel mwaka 2021, kila Idi swali ni moja: "Na wewe yako lini?"

Huyu mama akajibu. Akaomba mswada mzima, akausoma, na Ijumaa akaandika kwamba Jumatatu saa 5 asubuhi ya London atanipigia WhatsApp, ya video. Nikajumlisha masaa matatu, nikapata saa 8 mchana. Hesabu safi kabisa, kwa siku ya Ijumaa. Sasa ile Jumapili ya katikati ndiyo ilikuwa ya mwisho ya Machi, siku ambayo Waingereza husogeza saa zao mbele, na hakuna aliyepita Mwananyamala na kipaza sauti kututangazia kwamba saa 5 yao sasa ni saa 7 yetu.

Kwa hiyo saa 7 kasoro mimi niko kwa Masta, nanyoa ili nionekane mtu wa maana. Masta kamaliza upande wa kulia wote, umeme ukakatika. Dogo akatumwa petroli ya jenereta na akapotelea huko huko. Nikabaki kitini, kitambaa kimekazwa shingoni, mikono yote ndani, kichwa nusu uwanja wa ndege nusu shamba la mkonge. Simu yangu ilikuwa imeegemea kioo, wanaume wote wamenikalia mgongoni wanabishana kama bao la Simba lilikuwa halali.

Simu ikaita. Hapa twende polepole, kwa sababu Chogo alianza kurekodi baadaye na hana haya ya mwanzo.

Nikaliona jina. Nikaangalia saa ya ukutani. Nikaliona jina tena. Mikono ikaanza kutafuta pa kutokea ndani ya kile kitambaa, haikupaona. Nikasema, "Jamani, msipo..." Mzee Kombo, dalali wa viwanja, mtu wa msaada sana, akanyoosha kidole akapokea. "Haloo madamu! Huyu hapa!"

Mama akatokea. Miwani, sweta, rafu za vitabu nyuma yake hadi dari. Na pale kwenye kona, kwenye kile kidirisha cha kujiona mwenyewe, nikajiona. Nyuma yangu vichwa kama sita hivi, na juu yao bango la mitindo ya nywele. Mama hakucheka. Ningemshukuru kama angecheka. Akauliza kwa upole kama amenipigia wakati mbaya.

Nikamjibu, "Hapana kabisa, niko ofisini."

(Naomba msinikumbushe hilo neno. Masta ameshalipaka rangi mlangoni.)

Akaanza kusifia riwaya. Akasema mama mkwe wa Zuhura amemtisha mpaka akakosa usingizi. Masta, ambaye nimemsimulia kitabu kizima kila ninaponyoa, akamweleza kwa Kiingereza chake kwamba mama mkwe huyo ni mama yake Chogo. Chogo akasema "Nani?" Hapo ndipo akatoa simu yake, kwa hasira, akaanza kurekodi.

Kisha Mzee Kombo akasogeza uso kwenye kioo: "Mwulize anakula asilimia ngapi."

Nikajifanya sijasikia. Akauliza mwenyewe. Na yule mama, Mungu ambariki, akamjibu kama anayejibu mtu wa benki: 15 kitabu kikiuzwa Uingereza, 20 kikiuzwa nchi za nje, na hachukui chochote mpaka kiuzwe. Saluni nzima ikanyamaza. Mzee Kombo akatafakari. "Hajakuomba hela ya fomu?" Hajaomba. "Hela ya kusoma?" Hajaomba. "Basi huyu si tapeli. Lakini 20 ni nyingi, mimi nikimpangishia mtu nachukua kodi ya mwezi mmoja tu. Mwambie 10."

Mama akavuka hapo kwa ustaarabu, akauliza swali lililomfanya apige simu: kwa nini Zuhura anarudi kwenye ile nyumba mwishoni?

Jibu ninalo. Nilikuwa nimeliandika kwenye karatasi, karatasi iko nyumbani. Nikavuta pumzi, nikafungua mdomo, na mtaa mzima ukapiga kelele: "UMERUDI!"

Masta alikuwa ameiacha mashine ya kunyolea mezani bila kuizima. Ikaamka. Ikaanza kutetemeka, na kwa kutetemeka ikaanza kutembea, pole pole, kuelekea simu. Naiona. Mama anasubiri jibu. Mashine ikagusa ukingo wa simu, ikasimama kidogo, ikasukuma. Uso wa mama ukainama kushoto, ukateleza, ukaenda chini kwenye lundo la nywele zangu mwenyewe, kamera juu.

Nikainama kuiokoa. Kitambaa nacho kikainama na mzigo wote uliokuwa mapajani. Kitu cha mwisho alichokiona yule mama ni matundu ya pua yangu, halafu giza la nywele. Kitu cha mwisho alichokisikia ni "Mwambie 10!"

Mengine ni mafupi. Simu ilikatika, nikampigia jioni nikiwa na kichwa kamili, akacheka kwa adabu. Mkataba hakuna. Amenitumia kurasa za marekebisho, anataka sura za mwisho ziandikwe upya kisha nimrudishie asome tena. Masta amenitoza bei kamili, pamoja na petroli ambayo haikufika. Chogo anasema ataifuta video nikimtoa mama yake kwenye kitabu, na Mzee Kombo anataka namba ya yule mama, ana kiwanja Kigamboni, hati ipo, wala maongezi hayakosekani.