Roma ilioza au ilibomolewa?

Swali la kuanguka kwa Dola ya Roma huwagawa wapenda historia upesi sana. Kambi ya kwanza inasema kikulacho ki nguoni mwako: makaisari waliuana, sarafu ilichakachuliwa, matajiri walikwepa kodi, na Wagothi, watu wa Kijerumani kutoka nje ya mipaka, walipofika walikuta nyumba imeshaliwa na mchwa. Kambi ya pili inasema dola ilikuwa bado nzima, ila ilipigwa na maadui wengi kwa mpigo. Binafsi naegemea kambi ya pili, ingawa ya kwanza ina jambo moja ambalo hakuna wa kuinyang'anya.

Shida ya hoja ya kuoza ni kwamba Roma iliwahi kuoza zaidi ya hapo na ikapona. Kati ya mwaka 235 na 284 walipita makaisari zaidi ya 20, wengi wao wakiuawa na askari wao wenyewe. Kaisari Valerian alitekwa na Waajemi mwaka 260. Sarafu ilitiwa shaba hadi fedha halisi ikabaki chini ya asilimia 5. Kwa hesabu yoyote ile, dola hiyo ilikuwa ya kuzikwa. Lakini akaja Aurelian, wakafuata Diocletian na Constantine, ikasimama tena. Na rushwa, njama za ikulu na askari wa kigeni jeshini vilikuwapo pia Constantinople (Istanbul ya leo), makao makuu ya Mashariki baada ya dola kugawanywa Mashariki na Magharibi, ambako makaisari waliendelea kuwapo hadi karne ya 15. Wanaodai kwamba Ukristo ndio uliowalegeza Warumi wanakwama hapohapo, maana Mashariki ndiko kulikokuwa na Wakristo wengi zaidi, na ndiko kulikosalimika.

Tofauti kubwa ilikuwa fedha na mahali zilikotoka. Kodi ya Mashariki ilitoka Misri, Syria na Asia Ndogo, nchi zilizokaa nyuma ya Constantinople na kuta zake. Attila, mfalme wa Wahuni, aliweza kuteketeza Balkani, lakini hakufika kwenye mfuko wenyewe. Baada ya mwaka 447 Mashariki ilikubali kumlipa ratili 2,100 za dhahabu kila mwaka. Aibu, naam, lakini walikuwa nazo. Magharibi haikuwa na kinga hiyo. Mwishoni mwa 406 makabila ya Wavandali, Waalani na Wasuevi yalivuka mto Rhine, Gaul (Ufaransa ya leo) na Hispania zikawaka moto, na kodi za huko zikapungua vibaya. Jimbo kubwa lililobaki na neema yake lilikuwa Afrika, yaani Tunisia na sehemu ya Algeria za leo: ngano, mafuta ya zeituni, kodi nono, na askari wachache waliohitaji kulipwa. Oktoba 439, Gaiseric, mfalme wa Wavandali, akaitwaa Carthage.

Mimi naona mgongo wa dola ya Magharibi ulivunjikia hapo, miaka 37 kabla ya ile 476 ya vitabuni, mwaka alipong'olewa kaisari wa mwisho wa Magharibi. Soma sheria ya kodi aliyoitoa kaisari wa Magharibi, Valentinian III, miaka michache tu baadaye. Serikali inakiri waziwazi kwamba kinachokusanywa hakitoshi chakula na mavazi ya askari iliokuwa nao, sembuse wapya. Dawa yake ni ushuru wa mauzo: sehemu moja ya 24 ya bei, nusu atoe muuzaji, nusu mnunuzi. Lugha hiyo anaijua yeyote aliyewahi kumsikiliza waziri wa fedha akitetea tozo mpya.

Sasa, Wavandali walifikaje Afrika? Hapa kambi ya kwanza inapata haki yake. Mwaka 427 serikali ya Magharibi, iliyokaa Ravenna nchini Italia, ilikuwa ikipeleka majeshi Afrika kupigana na jenerali wake yenyewe, Bonifacius. Miaka miwili baadaye Gaiseric alivuka mlangobahari wa Gibraltar na watu wanaotajwa kuwa 80,000, wanawake na watoto wakiwemo. Na mwaka 432, adui akiwa ameshaingia Afrika, Bonifacius na jenerali mwenzake Aetius walikuwa Italia wakipigana wao kwa wao.

Ugonjwa huo haukuwa mgeni. Mwaka 408 Alaric, mkuu wa Wagothi, alidai ratili 4,000 za dhahabu. Seneta Lampadius akasema hiyo si amani, ni mkataba wa utumwa. Jenerali Stilicho aliwashurutisha maseneta wakakubali, lakini Agosti kaisari Honorius akamuua Stilicho. Askari wa Kirumi wakachinja familia za wenzao wenye asili ya kigeni katika miji ya Italia, na wanaume hao, kwa maelfu, wakahamia kwa Alaric. Mwaka haukuisha kabla mji wa Roma haujazingirwa. Safari hii bei ilikuwa ratili 5,000 za dhahabu, 30,000 za fedha, kanzu 4,000 za hariri, ngozi 3,000 zilizotiwa rangi nyekundu, na ratili 3,000 za pilipili manga iliyovuka Bahari ya Hindi. Walilipa, na mwaka 410 Alaric akaingia mjini vilevile.

Wapo pia wanaosema hapakuwa na kuanguka, bali mabadiliko tu, kwa kuwa seneti iliendelea kukutana chini ya wafalme wa kigeni. Mji uliokuwa na watu laki kadhaa ulipobaki na makumi ya maelfu katika karne ya 6, mimi siliiti hilo mabadiliko tu.

Ushahidi unaonivutia zaidi ni wa mwaka 468. Kaisari Leo I wa Mashariki alituma kundi kubwa la meli kuikomboa Carthage, chini ya shemeji yake Basiliscus. Gaiseric aliomba siku tano za kutafakari, akapewa. Upepo ukageuka, akasukuma meli zinazowaka moto katikati ya zile za Warumi. Utasema uongozi wa kupeana kindugu ndio uliowaponza, na sitabisha. Lakini tawala zote mbili bado ziliamini kwamba Afrika ikirudi, Magharibi itapona. Lau Basiliscus angeshambulia siku ileile, Anthemius, kaisari wa Magharibi, angepata tena fedha za kulipa jeshi, na Odoacer, aliyekuja kumng'oa kaisari wa mwisho wa Magharibi mwaka 476, huenda angestaafu akiwa ofisa wa Roma mwenye kiinua mgongo chake.