Daftari la Wikiendi

Muuguzi wa kliniki ya presha kanipa daftari. Niandike kila ninachokula na kunywa Jumamosi na Jumapili, halafu Jumatatu nimpelekee. Ndani kapiga mistari kwa rula: asubuhi, mchana, usiku. Huyu dada ni mgeni Mtwara, sina shaka. Nani hapa anakula mara tatu? Tunakula mara moja tu, tangu asubuhi mpaka usiku, tunapumzika kusalimiana.

Jumamosi asubuhi: chai ya rangi, muhogo wa kuchemsha. Mwandiko mzuri kabisa. Sukari sijaandika kwa sababu hakuna mstari wa sukari.

Balaa likaanza kwenye ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha. Yupo mama mmoja pale wanapoegesha bajaji, beseni kalifunika, chumvi na pilipili ya kusaga kaviweka pembeni kwenye karatasi. Ming'oko unaubana kwa meno, unavuta, ganda linabaki mkononi, unachovya chumvi, unaendelea na habari za mpira. Sasa hicho ni chakula au ni maongezi? Mtu hashibi ming'oko, anaishiwa maneno tu. Nilikaa saa nne asubuhi, naondoka adhana ya adhuhuri imeshapita, maganda yamenizunguka miguuni. Niweke asubuhi au mchana? Nikaandika juu ya mstari wenyewe. Kuhusu chumvi, ambayo ndiyo hasa niliyokatazwa, nikaweka "kidogo". Wakitaka gramu walete mzani.

Mchana nikashuka Feri, sokoni kwa samaki. Ni bamvua, asubuhi maji yalikupwa mpaka miamba ikawa wazi, watu wakaingia kuwatoa pweza mashimoni. Pweza kajaa, basi na bei si ishuke? Wapi! Nikamuuliza muuzaji kulikoni.

"Njomba, kumpiga pweza nimpige mie, halafu bei nayo uje kuipiga wewe?"

Nikala vipande kwa kijiti. Supu akanipa ya bure, ya kunituliza. Ya bure nayo inaandikwa? Daftari kimya.

Usiku Mama Anjela kalikuta mezani, kaongeza kwa kalamu nyekundu: "Na ukoko je?" Jamani, ukoko! Ule nilikuwa namsaidia kuosha sufuria. Siku hizi ukifanya kazi za nyumbani unashtakiwa kliniki.

Jumapili kwa shemeji: ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi. Halina utata, tuendelee.

Utata ni mabibo. Msimu ndio huu. Korosho ina bodi yake, ina minada, ina stakabadhi ghalani tangu 2007, inapanda meli inakwenda zake ng'ambo. Bibo halina bodi. Bodi ya bibo ni sisi tunaokaa chini ya mkorosho. Linakamuliwa, maji yanaachwa yachache yenyewe, hayasubiri hamira wala ruhusa ya mtu, tayari uraka, pombe yetu. Na ni tunda lile! Dada wa kliniki mwenyewe kasema nile matunda kwa wingi. Nikaandika: "Matunda."

Mama Anjela akaniangalia shati. Doa la bibo halitoki kwa sabuni, halitoki kwa jiki, halitoki kwa dua. Lilikuwa kifuani hapa, la kahawia, limechuruzika mpaka kwenye kifungo. "Matunda yanamwagika siku hizi?" Nikalibeba daftari nikatoka, maana nyumba imekuwa mahakama.

Nikarudi kilabuni nikaandike kwa utulivu. Kufungua tu, watu wakasogeza makopo nyuma ya migongo. Mama muuzaji akafunika ndoo kwa kanga.

"Wewe wa mapato au wa afya?"

"Si wa popote, mama. Naandika nilichokunywa mimi mwenyewe."

Akafunua ndoo, akavuta kigoda karibu, akanishikia daftari lisipeperuke.

"Afadhali. Anzia na la wiki jana ulilosema utalipa kesho."