Kinjekitile Mwenye Saa ya Mkononi

Saa nne usiku, muda ambao mtu mwenye adabu zake ameshavua viatu na anasubiri mpira, mwalimu wa darasa anatuma ujumbe kwenye grupu la wazazi: "Wazazi wapendwa, kesho watoto walete kazi mradi ya Vita vya Majimaji. Iwe imechapwa na iwe na picha ya rangi." Kesho! Wazazi wapendwa wote wakajibu kwa vile vikatuni vya mikono iliyofumbatwa, wa kwanza akiwa baba yule ambaye siku za michango simu yake huwa haina chaji.

Nikamwita binti yangu, kidato cha pili. Hii kazi mmepewa lini?

"Wiki iliyopita, baba."

Na mbona kimya?

"Nilijua ni kitu cha kumuuliza tu akili mnemba."

Sikupandisha sauti. Mimi ni mtu wa staha. Nikauliza kwa upole, kitabu je? Kitabu kimoja wanasoma wanne, zamu yake ni Alhamisi. Basi akauliza kwa simu yangu, kwa bando langu, lile nililoliweka kiporo kwa ajili ya mpira, na kabla sijamaliza kuguna kurasa sita zimeshatoka. Sita! Sisi kurasa sita za historia tuliziandika mpaka kidole cha kati kikaota sugu, na mwalimu akazirudisha kwa sababu ya pambizo.

Alfajiri tukawa stesheni. Unaijua stesheni ya mtaani: chumba kimoja, fotokopi moja inayokohoa kama mzee wa kiko, bango la HATUKOPESHI, na kijana anayejua kila kitu isipokuwa chenji iko wapi. Tulimkuta dada anachapa CV, jamaa anatoa kopi ya NIDA, na kwenye kiti cha plastiki mzee mmoja wa kofia na bahasha ya kaki, mambo ya uhakiki wa pensheni. Nikamwamkia, akaitikia. Binti yangu akamwamkia huku macho yako kwenye simu.

Kijana akafungua faili. Ukurasa wa kwanza ni picha. Kinjekitile Ngwale amesimama kifua wazi, mkuki mkononi, ndevu zimechongwa za saluni kabisa, na mkono wa kushoto amevaa saa. Saa ya mishale. Ya kamba ya ngozi.

"Hii picha ya rangi, buku," akasema kijana.

"Na hiyo saa?"

Akasogeza uso kwenye kioo. "Labda alimvua Mjerumani."

Dada wa CV akasema hata hivyo imempendeza.

Nikameza mate. Tukaenda ukurasa wa pili: "Kinjekitile, chifu shupavu wa Wangoni, aliongoza mapambano mpaka alipofariki Songea mwaka 1907." Nikasikia kitu kinapanda kutoka tumboni. Nikatumia sauti yangu ya vikao vya harusi: kijana, huyu hakuwa chifu, wala hakuwa Mngoni. Alikuwa mganga wa Ngarambe, yule aliyewapa watu maji ya dawa ili risasi za Mjerumani zigeuke maji. Vita vimeanza Julai 1905, watu wa Nandete kule Umatumbi wamechoka kulimishwa pamba ya Mjerumani wakaing'oa, na tarehe 4 Agosti mwaka huohuo bwana huyu keshanyongwa Mohoro. Mwezi haujatimia! Hiyo 1907 ameifikaje? Wa Songea ni Nduna Songea Mbano, naye walimnyonga mwaka 1906, mji ukabaki na jina lake.

Kijana akanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote.

"Kwa hiyo nihariri, mzee? Kuhariri mia tano kwa ukurasa."

"Nilipe mia tano kuondoa uongo?"

"Uongo sijauleta mimi, mzee. Umetumwa kutoka kwenye simu yako."

Hapo jamaa wa NIDA, ambaye hakuna aliyemwita, akatoa simu yake ili amalize ubishi. Akaiuliza. Ikamwambia Kinjekitile alikuwa Mmakonde. Akaiandikia kwamba umekosea. Ikaomba radhi, ikasema ni kweli, alikuwa Mngoni. Nikamwambia, hebu iambie alikuwa Mhaya wa Kamachumu. Akaandika. Ikaomba radhi tena kwa usumbufu uliojitokeza, ikamshukuru kwa kuirekebisha, ikaanza kueleza jinsi Kinjekitile alivyokulia kwenye migomba ya Kagera. Yaani chombo kimesoma vitabu vyote vya dunia, kinakubali kila kitu kama mgombea aliyepita kuomba kura!

Ndipo yule mzee wa bahasha akakohoa.

"Mimi kwetu Kipatimu."

Tukageuka wote.

"Mwaka 1968 walikuja vijana wa Chuo Kikuu, wako likizo, wana madaftari. Wanatafuta wazee waliovikuta vita. Babu yangu alikunywa yale maji. Walikaa naye barazani, babu anasema, wao wanaandika. Babu akisinzia, wanangoja aamke. Wakamuuliza maji yalitiwa nini, akawaambia mbarika na mtama. Halafu akawauliza kama wamekuja na sukari, maana ya nyumbani imekwisha."

Pakawa kimya. Hata fotokopi ilinyamaza. Kisha kijana wa stesheni, kwa nia njema kabisa, akauliza:

"Mzee, hayo yapo mtandaoni?"

Staha ikanitoka. Nakiri ilitoka yote. Nikasema yapo hapa! Yamekaa kwenye kiti chako cha plastiki tangu saa kumi na mbili na nusu yanangoja kopi za pensheni, na wewe umeyaruka ukamhudumia mtu wa CV! Vijana wale walipanda malori mpaka Kipatimu, wakalala kwenye mikeka, wakaumwa na mbu, ili mtu aliyekunywa maji aseme mwenyewe yalikuwaje. Huyu binti yangu, mjukuu wa mtu aliyekunywa maji hayuko mbali naye hata hatua mbili, na yeye anaandika namba ya siri ya simu! Hivi ni lini tulikubaliana kwamba kujua ni kuletewa? Chips tuletewe, gesi tuletewe, na babu zetu nao tuletewe na bodaboda, wakifika wamevaa saa tusaini tupokee?

Dada wa CV akasema tusipigiane kelele, ana usaili saa tatu.

Binti yangu akaiweka simu mfukoni. Akamsogelea mzee. "Babu, hayo maji yalikuwa machungu?"

Mzee akawaza kidogo. "Hilo wale wa Chuo Kikuu hawakuliuliza."

Nikaanza kulainika, na nilikuwa nataka kumwambia akae chini aandike, umeme ukakatika. Marekebisho aliyokuwa ameyaanza kijana hayakuwa yamehifadhiwa. Uliporudi, ile ya mwanzo ndiyo iliyokuwa salama, Mngoni mwenye saa, na kengele ya shule inagonga saa moja na nusu. Tukachapa. Nimelipa. Mwalimu kampa alama nzuri na ameandika kwa kalamu nyekundu: "Picha safi sana."

Sasa nimlaumu mtoto kwa nini? Wakubwa wenyewe gazeti tunasomewa redioni asubuhi, mtangazaji anapitia vichwa vya habari sisi tunapiga pasi. Ukienda pale kwenye meza ya magazeti kituoni utakuta wanaume wazima wamejipanga mikono nyuma, wanasoma kurasa za mbele bure, halafu wanabishana habari ya ndani ambayo hakuna aliyeifungua. Na rafiki yangu mmoja ananunua vitabu kweli, ila vyote vinahusu kuamka saa kumi alfajiri uwe tajiri. Anaamka. Anadaiwa na mtaa mzima.

Mama yangu alijulia kusoma ukubwani, kwenye kisomo, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa wa elimu ya watu wazima. Mama huyo alikuwa hagusi karanga kabla hajamaliza kipande cha gazeti kilichozifunga. Habari inakatika katikati, waziri amesema nini, haijulikani, yeye anarudi kwa muuza karanga kutafuta kipande cha pili. Leo karanga zenyewe zinafungwa kwenye mitihani ya watoto wa watu. Juzi nimekula za hesabu, mwenyewe kapata kumi na nane.

Wakati mwingine naikumbuka ile amri ya 1974, serikali ilipopiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Nikiwa shuleni nilisikia tukichekwa kwa jambo hilo. Sasa hivi nikikaa kwenye foleni ya stesheni nawaza, ebu yule aliyesaini, yuko wapi, nimpigie hata soda.

Na bado hatujapumzika, maana leo mchana grupu limelia tena. Wazazi wapendwa, Ijumaa watoto walete mfano wa fuvu la Zinjanthropus, lile aliloliokota Mary Leakey pale Olduvai mwaka 1959, liwe la udongo wa mfinyanzi. Udongo wa mfinyanzi Tabata naupata wapi? Mtaa mzima wametandaza pevingi. Jirani yangu kaziba ua wake mpaka chini ya mwembe, hana hata kitundu cha kupitisha maji, mvua ikinyesha yote yanakuja kwangu, nimemwita kwa mjumbe, mjumbe anasema tuelewane kama majirani. Tuelewane nini wakati choo changu kinaelea? Nimemwambia achimbe mtaro, anasema fundi yuko msibani Singida. Huo msiba una miezi mingapi?