Moshi wa sigara kwenye maghorofa: tuupime kwanza

Kwa miezi kadhaa mwanangu alikuwa akikohoa usiku, nami nilikuwa nikifunga madirisha nikiamini kwamba moshi wa sigara za jirani wa chini unaingilia huko. Jioni moja niliwasha kijiti cha udi, nikakisogeza kwenye tundu ambalo bomba la sinki la jikoni linapitia sakafuni. Uzi wa moshi uliokuwa ukipanda wima ukapinda na kurudishwa usoni kwangu. Dirisha halikuwa na kosa lolote.

Nionavyo mimi, ugomvi wetu kuhusu hewa ya majengo ya pamoja umekwama kwenye harufu, ilhali pua huizoea harufu baada ya muda mfupi, na chembe ndogo mno za moshi, zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, ambazo hufika ndani kabisa ya mapafu, zingali zikielea. Kifaa kidogo cha kupima chembe hizo husaidia, lakini hakitofautishi moshi wa sigara na ule wa mafuta ya kukaangia. Kwa hiyo watafiti makini hutega pia vichujio vya kunasa nikotini hewani, au hupima mkojo wa watoto ili kutafuta kotinini, ambayo mwili huitengeneza kutokana na nikotini. Mtoto akikutwa nayo, hakuna tena wa kusema kwamba ni hisia za mama tu.

Ripoti ya Mganga Mkuu wa Marekani ya mwaka 2006 ilihitimisha kwamba hakuna kiwango salama cha moshi wa sigara za wengine, na kwamba kuwatenga wavutaji au kusafisha hewa kwa mitambo hakumalizi tatizo. Tangu Julai 2018, nyumba za umma za huko haziruhusu kuvuta hata ndani ya makazi ya mpangaji. Sheria yetu ya Tanzania ya 2003 kuhusu bidhaa za tumbaku bado inakubali maeneo maalumu ya wavutaji, na hapo ndipo ninapoona inapaswa kurekebishwa.

Jirani yangu simlaumu. Nilimpigia shikamoo, nikampandisha jikoni, akautazama ule udi ukipinda, akanyamaza, kisha akasema, “Mwanangu, hili sikulijua.” Sasa anavutia uani, chini ya mwembe, na tundu tumeliziba kwa saruji. Jengo letu lina nyumba kumi na mbili, na kila jiko lina bomba lake.