Mwanafunzi wa Masafa Naye Anailipia Maktaba

Juma lililopita binti wa jirani yangu hapa Umoja, Nairobi, alinionyesha karatasi ya ada ya chuo chake. Anasomea stashahada ya maendeleo ya jamii kwa njia ya masafa. Mchana anauza katika hadiwea kule Kayole, usiku ndipo anaposoma. Chini ya karo kulikuwa na mstari wa ada ya maktaba, kiasi kilekile anachotozwa mwanafunzi anayelala bwenini. Amekuwa akiilipa tangu muhula wa kwanza, na hajawahi kusoma makala hata moja ya jarida akiwa kwao.

Nilimwomba anionyeshe inavyokuwa. Akatoa simu, akaingia kwenye tovuti ya maktaba, akatafuta makala kuhusu vikundi vya akiba vya wanawake. Kichwa kikatokea, majina ya waandishi yakatokea, na muhtasari wa aya moja. Alipobonyeza asome makala yenyewe, ukurasa ukamtaka alipe kwa dola au aingie kupitia mtandao wa chuo. Bando nalo linaendelea kuliwa. "Huwa nakwamia hapa, anti," akaniambia. "Halafu naenda Google kuokota chochote." Mhadhiri naye humrudishia kazi yake imeandikwa kwa wino mwekundu: vyanzo hafifu.

Hilo limeniuma kiasi cha kunikosesha usingizi. Msichana anaadhibiwa kwa kukosa kitu alichokwisha kukilipia, tena anaadhibiwa na taasisi ileile iliyomfungia.

Wanaofanya kazi maktabani wanaijua sababu. Wachapishaji wa majarida huwatambua wasomaji kwa anwani ya IP ya chuo, yaani namba inayoutambulisha mtandao wake kwenye intaneti. Ukiwa ndani ya ua, kwa waya au Wi-Fi ya chuo, kila kitu kinafunguka bila hata kuulizwa jina. Ukiwa Kayole na bando la simu, mchapishaji anakuona mpita njia. Dawa yake inajulikana: chuo kinaweka seva ya proksi, mwanafunzi anaingia kwa nambari yake ya usajili na nywila, seva inamchukulia ukurasa kwa niaba yake, na mchapishaji anaiona anwani ya chuo. EZproxy, programu inayotumiwa na maktaba nyingi duniani kwa kazi hiyo, ilianza 1999, mwaka uleule KENET ilipoanzishwa hapa kwetu kuunganisha vyuo na intaneti. Teknolojia hii ina umri mkubwa kuliko wengi wa wanafunzi wanaoihitaji leo. Na asiyetaka kununua programu, zipo za bure. Kinachotakiwa ni fundi mmoja wa kompyuta aliyepewa kazi hiyo na bosi wa kumfuatilia.

Na majarida yenyewe yameshalipiwa. Tangu 2003 maktaba za vyuo vyetu zimekuwa zikichanga kupitia KLISC, muungano wa maktaba za Kenya, ili zipate usajili wa pamoja kwa bei nafuu. Wakutubi waliohangaikia mpango huo walifanya kazi kubwa, nami nawavulia kofia. Lakini chuo kinachochanga, kikafungua masomo ya masafa, kikatangaza nafasi zake kila muhula, halafu kikaacha majarida yasomeke ndani ya ua tu, kimewauzia watu nusu ya elimu kwa bei ya elimu nzima.

Nimeshaambiwa kwamba wanafunzi wakipewa nywila watazigawa kwa marafiki, na mchapishaji atakata huduma. Sawa, hilo hutokea. Lakini akaunti inayopakua makala mamia kwa saa moja inaonekana kwenye kumbukumbu za seva, na inafungwa hiyo peke yake. Nimeambiwa pia kwamba mikataba hairuhusu. Mikataba mingi ya majarida humtaja mwanafunzi aliyesajiliwa kuwa msomaji halali popote alipo. Mkutubi mkuu auchukue mkataba wake ausome, na kama kweli haumtambui mwanafunzi wa masafa, basi audai ubadilishwe kabla ya kutia saini nyingine.

Marekani, ambako vyuo vya jamii vina wanafunzi wengi wa aina hii, watu wanaofanya kazi na kulea watoto huku wakisoma, chama cha maktaba za vyuo na utafiti, ACRL, kina viwango vyake kuhusu maktaba na elimu ya masafa. Toleo la 2008 linasema wazi kwamba anayesoma kwa mbali anastahili huduma sawa na aliye chuoni, na kwamba huduma hizo zinaweza kuhitaji bajeti yake na mipango yake. Sisi hapa tunamhesabu mwanafunzi wa masafa wakati wa kukusanya ada, halafu wakati wa kupanga huduma tunamsahau.

Saa za maktaba ni balaa lingine. Mtu anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni, akakaa kwenye msongamano wa Jogoo Road, atafika saa ngapi?

Maktaba ya umma ya McMillan pale mtaa wa Banda, yenye simba wa mawe kwenye ngazi, ilifunguliwa 1931, na enzi za ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kusoma mle. Bibi yangu alikuwa akipita mbele yake akielekea sokoni. Leo milango iko wazi, na matawi yake ya Kaloleni na Makadara yamefufuliwa na shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka. Nimekaa Kaloleni Jumamosi moja na kuona vijana wameinamia vitabu mpaka meza hazitoshi. Wapo wanafunzi wa vyuo mle ndani, watu wa Eastlands ambao chuo chao kiko ng'ambo ya mji. Mbona vyuo havijakaa na matawi haya, na ile ya Huduma ya Maktaba za Taifa pale Buruburu, wakaafikiana kuweka hata kompyuta chache zinazofungua majarida ya chuo? Nauli ya kutoka Kayole hadi Buruburu mtu anaimudu.

Machi 2020 vyuo vilipofungwa, kila mmoja aligundua kwamba mwanafunzi anaweza kuwa popote. Mihadhara ilihamia mtandaoni. Wahadhiri waliokuwa hawajui kuwasha kamera walijifunza. Maktaba zingine ziliamka wakati ule na hazijalala tena. Nyingine zilisubiri milango ifunguliwe zirudi zilikokuwa. Chuo cha huyu binti kiko kwenye kundi la pili.

Kwa hiyo wewe unayetaka kujisajili kwa masomo ya masafa muhula ujao, au unayemlipia mwanao, usiridhike na picha za jengo la maktaba kwenye kijitabu cha matangazo. Nenda kwa afisa wa usajili kabla hujatuma pesa. Mwombe azime Wi-Fi ya chuo kwenye simu yake, awashe data, aingie kama mwanafunzi na afungue makala moja ya jarida mpaka ukurasa wa mwisho, mbele yako. Akishindwa, peleka ada yako kwingine.