Imani yetu mbona haifiki sokoni?

Jana nimenunua viazi huku Ujerumani, nje kidogo ya Stuttgart, na muuzaji hayupo. Meza iko kando ya barabara, viazi viko kwenye mifuko, bei imeandikwa kwenye kibao, pembeni kuna kikopo cha hela. Unachukua, unaweka hela yako, unaondoka. Kufika nyumbani nafungua mfuko, vya chini sawasawa na vya juu. Nimefurahi ila moyo umeniuma, maana hawa watu wengi wao kanisani hawaendi kabisa. Huku ukiwa Mlutheri au Mkatoliki unakatwa kodi ya kanisa, asilimia 8 ya kodi yako ya mapato kwa jimbo hili na Bayern, majimbo mengine asilimia 9, na watu kibao kila mwaka wanaenda kujitoa. Jumapili ibadani ni wazee na mimi.

Sasa njoo Dar. Ijumaa mkesha, Jumapili watu wamejaa mpaka kwenye maturubai nje, daladala imeandikwa Yesu ni Bwana, dukani nyimbo za injili toka asubuhi. Halafu huyohuyo aliyekusalimia Bwana Yesu asifiwe anakupimia viazi kwa sado iliyogongwa kitako kikaingia ndani, fungu la nyanya nzuri juu, chini zimeoza, ukilalamika anakwambia mpendwa usiwe hivyo. Jamani! Mithali 11:1 si imo kwenye Biblia hiyohiyo tunayobeba mkeshani, mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA?

Najua mtasema huyu kapanda ndege juzi tu leo anatuona sisi washenzi. Hapana. Na msinikumbushe Maji Maji, nayajua ya 1905 mpaka 1907, babu zetu waliuawa na Wajerumani hawahawa waliojenga kanisa la Azania Front pale Dar, siwasifii mimi. Nawasema Wakristo wenzangu kwa sababu ni wa kwangu, na kwa sababu imani ya nyumbani naijua ina nguvu kiasi gani. Baba alipofariki jumuiya yetu pale Mburahati walilala nje na sisi, wakachanga, wakapika, mpaka tunamaliza matanga hakuna aliyetuacha. Huku jirani akifa unaweza usijue. Kwahiyo msiniambie sijui tulichonacho, ninachouliza ni kwanini kinaishia msibani na kwenye kwaya.

Mwingine atasema njaa, maisha magumu, mtu afanyeje. Mama yangu mdogo anauza mchele Buguruni miaka yote, mtaji wake mdogo kuliko wa hao wanaogonga sado, na akishapima lazima akuongezee konzi moja. Ukimuuliza anasema Mungu anaona mwanangu, basi, anaendelea na mteja mwingine. Huyo ndiyo Mkristo ninayemjua mimi na hajawahi kushika maiki kanisani hata siku moja.

Zakayo naye Yesu alipoingia kwake alizungumzia hela, nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa anarudishiwa mara nne. Sisi shuhuda zetu ni nimepata gari, nimepata viza, nimepata mume, na tunashangilia, sawa, mimi nashangilia pia. Ila toka nizaliwe sijamsikia hata mmoja anasimama mbele anasema wapendwa, ile sado nimeitupa, nimenunua mpya, na wale niliowapunja waje Jumatatu.